Zarathustra Aliishi Lini? Ushahidi wa Lugha na Ushahidi wa Udongo



Mwaka 1963 mwanahistoria mmoja wa Kiingereza, Hugh Trevor-Roper wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitamka kwamba historia ya Afrika ya kufundishwa haipo, au ipo kidogo mno. Iliyopo ni historia ya Wazungu katika Afrika, na yaliyobaki ni giza. Hoja iliyojificha chini ya maneno yale ni nyepesi: watu wasioandika hawana historia. Wasomi wetu hawakukaa kimya. Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya wazee wa Upare akaandika historia yao, na mwaka 1969 yeye na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoonyesha kwamba giza lile lilikuwa machoni pa mtazamaji tu.

Lakini hoja ya zamani haifi upesi. Hata leo kijana wa Songwe akiulizwa historia ya babu zake, mara nyingi hujibu kwamba haijulikani kwa sababu haikuandikwa. Kwa hiyo nimeona yafaa katika makala haya nieleze mfano wa mbali sana na Saza, ambao hakuna mtu anayethubutu kusema kwamba hauna historia. Mfano huo ni asili ya dini ya Zarathustra, nabii wa Uajemi ya kale, ambaye Wagiriki walimwita Zoroaster. Dini hiyo ilikuwa dini ya wafalme wa Uajemi kwa karne nyingi kabla ya Uislamu, na wafuasi wake wangalipo hata leo. Walakini maneno ya nabii wao yalikaa vichwani mwa watu kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kuandikwa hata herufi moja. Basi tutazame jinsi wataalamu walivyofanya kazi, kisha tujiulize kama kazi hiyo haiwezi kufanywa kwetu.

Kitabu kilichokaa kinywani

Maandiko matakatifu ya dini hiyo huitwa Avesta. Ndani yake mna tenzi 17 ziitwazo Gatha, zinazodhaniwa kuwa ni maneno ya Zarathustra mwenyewe. Anamsifu Mungu mmoja mkuu, Ahura Mazda, yaani Bwana Mwenye Hekima, na anawataka watu wachague baina ya kweli na uongo.

Herufi za kuiandikia Avesta zilibuniwa katika enzi ya wafalme wa Kisasani, yapata karne ya 5 au ya 6 BK. Nakala za zamani kabisa zilizosalia hadi leo ni za mwishoni mwa karne ya 13 BK na kuendelea. Sasa, ikiwa nabii aliishi zaidi ya miaka 1000 kabla ya Kristo, kama wataalamu wengi wanavyoamini, basi tenzi zake zilipokewa kwa mdomo kwa miaka zaidi ya 1500. Je, tutajuaje kwamba hazikubadilika njiani?

Jibu la kwanza limo katika ibada. Makuhani walifunzwa tangu utotoni kuzisoma kwa moyo, na neno likikosewa ibada iliharibika. Jibu la pili limo katika mizani. Wale miongoni mwetu waliofundishwa kutunga mashairi wanajua kwamba mshororo wa mizani 16 hukatwa katikati, nane kwa nane, na neno likipunguzwa au kuongezwa sikio hulalamika mara moja. Gatha nazo zina mizani. Zile za kundi la kwanza zina mishororo ya mizani 16 au karibu yake, iliyokatwa baada ya mzani wa saba. Neno likibadilishwa, ubeti unachechemea. Jibu la tatu ndilo lenye nguvu zaidi: lugha ya Gatha ina sarufi ya kale ambayo makuhani wa baadaye hawakuielewa tena vizuri. Mtu hawezi kubuni sarufi asiyoifahamu. Walikuwa wanatunza kitu kilichowazidi umri.

Mfaransa mmoja na makuhani wa Surat

Baada ya Waarabu kuiteka Uajemi katika karne ya 7 BK, baadhi ya wafuasi wa dini hii walihamia Gujarati, magharibi mwa Bara Hindi. Hao ndio Waparsi. Mwaka 1755 kijana wa Kifaransa, Abraham Anquetil-Duperron, alisafiri kwenda India akajifunza kwa makuhani wa Kiparsi katika mji wa Surat, na mwaka 1771 akachapisha tafsiri ya Avesta. Wasomi wengine wa Ulaya walimcheka. William Jones, Mwingereza, alidai kwamba maandiko yale hayakustahili kuitwa ya Zarathustra. Ni ajabu kwamba mwaka 1786 Jones huyohuyo ndiye aliyeeleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini ni lugha ndugu, akaitaja lugha ya Waajemi pia katika ukoo huo. Elimu aliyoisaidia kuanza ndiyo iliyokuja kuthibitisha ukale wa Avesta. Rasmus Rask wa Denmark, aliyekwenda India kukusanya hati, alitetea ukale huo mwaka 1826, na baadaye Mjerumani Martin Haug akabainisha kwamba Gatha ni za lugha ya zamani kuliko sehemu nyingine za Avesta.

Maneno yanavyopimwa

Tazameni maneno haya machache. La kwanza ni la Avesta, la pili ni la Kisanskriti cha Veda, maandiko ya kale ya India:

ahura – asura (bwana, mwenye enzi)
haoma – soma (kinywaji cha ibada)
hapta – sapta (saba)
zaotar – hotar (kuhani)
zasta – hasta (mkono)
zaranya – hiranya (dhahabu)

Mtaona kwamba penye s ya Kisanskriti mwanzoni mwa neno, Avesta ina h. Na penye h ya Kisanskriti katika maneno haya, Avesta ina z. Mabadiliko hayo yana kanuni. Ndiyo sababu mto ambao Wahindi waliuita Sindhu, Waajemi waliuita Hindu, na kwa njia hiyo sisi tukapata jina la Bara Hindi.

Hapa inafaa tujihadhari. Kufanana kwa neno moja na jingine hakuthibitishi kitu. Kiswahili chetu kina neno saba, linalofanana na sapta, lakini sisi tumelipata kwa Waarabu. Mtaalamu hatafuti maneno mawili yanayofanana, anatafuta kanuni inayojirudia katika maneno mengi. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotumika kuonyesha undugu wa lugha za Kibantu. Kiswahili husema kupa, kupita, pembe. Kinyarwanda husema guha, guhita, ihembe. Penye p ya Kiswahili, Kinyarwanda kina h. Mwanafunzi mwenye kalamu na bibi yake anayezungumza Kinyiha, Kisafwa, Kibungu au Kinyamwanga anaweza kufanya hesabu hiyo nyumbani mwenyewe.

Lugha ya Gatha iko karibu sana na lugha ya Veda, kiasi kwamba kuna beti ambazo ukizitumia kanuni za sauti zinageuka kuwa karibu Kisanskriti kamili. Maana yake ni kwamba watu hawa walikuwa hawajaachana kwa muda mrefu. Lakini lipo neno moja linalotuambia kwamba paliingia ugomvi. Katika Kisanskriti deva ni mungu anayeabudiwa. Katika Gatha daeva ni mungu wa uongo, wa kukataliwa. Neno ni moja, imani zimepingana. Kwa hiyo lugha imetuhifadhia alama ya mageuzi ya dini, ingawa hakuna mwandishi aliyekuwapo.

Karne ya sita au zamani zaidi?

Mapokeo ya dini yenyewe yalisema kwamba Zarathustra alikuja miaka 258 kabla ya Aleksanda. Aleksanda aliiteka Persepolis mwaka 330 KK. Ukijumlisha unapata 588 KK. Wagiriki nao walikuwa na hesabu yao, waliyodai kwamba nabii aliishi miaka 6000 kabla ya siku za Plato. Hesabu ya pili hakuna anayeikubali. Ya kwanza iliwahi kuwa na watetezi wengi, na mtaalamu wa Kiitalia Gherardo Gnoli aliirudia katika maandishi yake ya baadaye.

Wanaoipinga wana hoja tatu. Kwanza, tunayo maandishi ya Mfalme Dario yaliyochongwa katika mwamba wa Bisotun yapata mwaka 520 KK kwa Kiajemi cha kale. Sarufi yake imekwisha kupukutika mambo mengi ambayo Gatha bado inayo. Ni vigumu kusema kwamba lugha hizo mbili zimepishana kwa miaka sabini tu. Pili, mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Boğazköy nchini Uturuki mwanzoni mwa karne ya 20 yana mkataba wa karne ya 14 KK, ambamo wafalme wa Mitanni wanaapa kwa Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, miungu ya Veda. Basi wakati huo tawi la Kihindi lilikuwa limekwisha kujitenga na tawi la Kiajemi. Tatu, ulimwengu wa Gatha ni wa wachungaji. Humo mna ng'ombe, malisho na ngamia. Mna kilio cha roho ya ng'ombe anayeteswa na wanyang'anyi. Hamna miji mikubwa wala fedha. Jina lenyewe Zarathustra lina neno ushtra, yaani ngamia, na jina la baba yake, Pourushaspa, lina aspa, yaani farasi. Kwa hoja hizo Mary Boyce wa Chuo Kikuu cha London, katika historia ya dini hii aliyoanza kuichapisha mwaka 1975, alimweka nabii katika milenia ya pili KK. Wengi leo hutaja kipindi cha baina ya 1500 na 1000 KK.

Yafaa tukiri, hata hivyo, kwamba lugha si saa ya ukutani. Lugha moja hubadilika upesi na nyingine polepole, na lugha ya ibada hupenda kubaki nyuma. Isimu inatupa kipindi, haitupi mwaka.

Kuhusu mahali, Avesta haiwataji Waajemi wa magharibi wala miji yao. Sura moja inaorodhesha nchi 16, na zile zinazotambulika ni za mashariki: Merv, Balkh, Herat, Sogdiana, bonde la Helmand. Leo nchi hizo zimo katika Turkmenistan, Uzbekistan na Afghanistan.

Udongo unasema nini?

Hapo ndipo mtu hutamani mchimbuaji aje na chungu chenye jina la nabii. Chungu hicho hakipo. Hata Dario, aliyemtaja Ahura Mazda mara nyingi katika mawe yake, hakumtaja Zarathustra hata mara moja.

Viktor Sarianidi, mchimbuaji wa Kisovieti, alifukua katika jangwa la Turkmenistan mji mkubwa wa kale uitwao Gonur, wa takriban miaka 2000 KK, na mahali pengine karibu nao paitwapo Togolok. Akatangaza kwamba amepata mahekalu ya moto na vyombo vya kutengenezea haoma, kinywaji cha ibada kinachotajwa katika Avesta. Habari ilienea. Lakini sampuli zilipochunguzwa na wengine, mimea iliyodaiwa haikuonekana. Mwaka 2003 Corrie Bakels, mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, alionyesha kwamba alama za mbegu zilizomo katika kipande cha chombo kimoja ni za mtama mdogo wa chakula. Sarianidi alifukua mji wa kweli na wa ajabu, lakini maelezo aliyoubebesha yalikuwa mazito kuliko ushahidi.

Ushahidi wenye mvuto zaidi ni wa kitu kisichoonekana. Wafuasi wa dini hii kwa desturi hawakuzika maiti ardhini, kwa sababu waliiona ardhi kuwa safi. Waliiweka maiti mahali pa wazi iliwe na ndege. Sasa, katika nchi zilezile za mashariki, kuanzia karne za mwisho za milenia ya pili KK, katika utamaduni ambao wachimbuaji huuita Yaz, makaburi yanatoweka karibu kabisa. Makazi yapo, vigae vipo, wafu hawaonekani. Hilo linalingana na desturi hiyo, ijapokuwa haliithibitishi peke yake.

Magharibi zaidi, huko Tepe Nush-i Jan nchini Iran, David Stronach alichimba kuanzia mwaka 1967 akakuta hekalu la karne ya 8 au ya 7 KK lenye madhabahu ya moto, ambalo watu wa kale walikuwa wamelijaza mawe kwa uangalifu kabla ya kuliacha. Na mabamba ya Persepolis, yaliyogunduliwa mwaka 1933, yanaonyesha kwamba siku za Dario ghala la mfalme lilitoa nafaka na divai kwa ibada ya Ahura Mazda na pia kwa Humban, mungu wa Waelamu. Dini za wakati ule hazikuwa zimetengwa kwa kuta kama tunavyofikiri.

Mkono wake katika pwani yetu

Ndugu msomaji asidhani kwamba mambo haya hayatuhusu. Kila mwaka, katika mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi huko Unguja husherehekea Mwaka Kogwa, wakachapana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Siku hiyo ni Nairuzi, na neno hilo ni la Kiajemi: nau ni mpya, ruz ni siku. Sehemu ya kwanza ni ileile nava ya Avesta na ya Kisanskriti.

Lakini kwa nini Julai, ilhali Nairuzi ya Iran ni mwezi Machi? Kalenda ya kale ya dini ya Zarathustra ilikuwa na miezi 12 ya siku 30, na siku tano za nyongeza zilizopewa majina ya makundi matano ya Gatha. Jumla ni 365, bila siku ya mwaka mrefu. Kalenda ya namna hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Huko Iran, mwaka 1079 BK, mwaka mpya ulifungwa kwenye mwanzo wa majira ya kuchipua. Lakini mabaharia wa Bahari ya Hindi waliendelea na hesabu ya siku 365, wakahesabu pepo za kusi na kaskazi tangu Nairuzi. Baharia mashuhuri Ibn Majid, wa karne ya 15, aliitumia. Hata leo kundi la Waparsi wanaofuata hesabu iitwayo Kadmi huanza mwaka wao katikati ya Julai.

Je, hii ina maana kwamba wazee wa Makunduchi walikuwa wafuasi wa Zarathustra? La. Angalieni maneno tuliyopata kwa Waajemi: nahodha, bandari, darubini, rangi, bustani. Ni maneno ya chombo, ya biashara na ya nyumba. Maneno yetu ya dini ama ni ya Kibantu, kama Mungu, ama ni ya Kiarabu, kama swala. Udongo nao unakubaliana na lugha: vigae vya rangi ya samawati kutoka Ghuba vimeonekana Unguja Ukuu, Manda na Shanga, lakini jengo la ibada la kale zaidi lililochimbwa Shanga, la karne ya 8, ni msikiti, na maandishi ya Kizimkazi ya mwaka 1107 BK yamo msikitini. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, uliochapishwa katika jarida la Nature, ulionyesha kwamba tangu yapata mwaka 1000 BK wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika wa pwani. Basi walifika watu, zikafika bidhaa, ikafika na kalenda. Dini iliyoizaa kalenda haikufika pamoja nao. Ilikuja baadaye sana, na Waparsi wa karne ya 19 waliohamia Unguja kutoka India wakaabudu kwa desturi zao. Katika jamii hiyo ndimo alimozaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, ambaye dunia ya muziki ilimjua kwa jina la Freddie Mercury.

Na huku kwetu?

Turudi sasa Songwe. Katika miaka ya 1960 Brian Fagan na John Yellen walichimba Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, wakakuta mabaki ya watu waliotengeneza chumvi katika karne ya 13 hadi ya 15. Udongo ulieleza walikula nini na walifinyanga vyungu gani. Haukueleza walizungumza lugha gani, kwa maana chungu hakina ulimi. Hapo ndipo lugha inapohitajika, na lugha hizo zimo majumbani mwetu.

Zarathustra anajulikana kwa sababu watu walishika maneno yaliyofungwa, wakayapokeza bila kuyalegeza. Hadithi ya kawaida hubadilika kila inaposimuliwa. Lakini wimbo wa jando, maneno ya tambiko, kitendawili, jina la sifa la ukoo, jina la mlima na la kijito, hayo hushikilia umbo la kale. Ndiyo yanayostahili kukusanywa kwanza. Pengine humo mna maneno ambayo hata wenyewe wanaoyatamka hawajui maana yake tena. Msiyasahihishe. Yaandikeni kama yalivyotamkwa, kwa sababu makuhani wa Avesta nao walitunza wasichokielewa, na leo ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote.

Wito wangu kwa chama cha historia cha shule ni huu. Kila mwanafunzi aandike maneno mia moja ya lugha ya nyumbani kwao: viungo vya mwili, hesabu, moto, maji, chumvi, chuma, ng'ombe, mtu, kupa, kupita. Aandike pia jina la kijiji na umri wa aliyemwambia. Karatasi hizo ziwekwe maktaba, zilinganishwe, na kanuni za sauti zitafutwe. Sisi wa zamani tuchange madaftari, na kinasa sauti kimoja kikiwezekana. Wazee wanaozungumza Kibungu safi katika kata zetu hawazidi kuongezeka, na hakuna bamba la udongo litakalotusaidia wakishaondoka.